Mtafiti ajaye sokoni aanze na risiti

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja mwenye kishikwambi alinijia kibandani akaniomba dakika 10. Alikuwa na adabu zake, akaniita mama, akaketi juu ya kreti. Swali la kwanza: kwa kipimo cha moja hadi tano, nimeridhika kiasi gani na huduma za serikali ya kaunti? Nikamjibu tatu. Mteja alikuwa amesimama akingoja kabeji yake ikatwe, na nimeshajua kwamba ukisema moja au tano utaulizwa kwa nini.

Huyo ni wa nne kunihoji tangu nianze kuuza katika soko hili mwaka 2014. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutueleza alichokipata.

Sina ugomvi na utafiti. Ila majibu wanayoyatafuta moyoni mwangu nimeyaweka kwenye mkebe wa biskuti nyumbani. Humo ndimo ninamotia risiti. Jioni ile niliumwaga mezani, mimi na mwanangu wa kidato cha tatu tukaanza kupanga za mwaka mmoja wa fedha, Julai hadi Juni. Karatasi za zile mashine ndogo zina tabia mbaya: zikipata joto maandishi hufifia. Kumi na tisa zilikuwa nyeupe kabisa, tukazihesabu hivyo hivyo. Risiti za ushuru wa soko, shilingi 50 kwa siku, zilikuwa 261. Daftari langu la mauzo linasema nilifungua kibanda siku 298. Siku zile 37 zilizobaki pia nililipa, maana asiyelipa meza yake hubebwa na kanjo, askari wa kaunti. Ni kwamba karani alisema mashine imeisha chaji. Hiyo ni shilingi 1,850 kwa muuza kabeji mmoja, na soko letu lina safu tisa.

Halafu kuna sesi, ushuru wa kaunti kwa mazao yanayosafirishwa. Kabeji nazinunua kaunti jirani. Pikapu ikitoka kule inalipiwa kizuizini. Ikiingia huku inalipiwa tena. Risiti mbili za rangi mbili, gunia ni lile lile. Nakala ya Katiba niliyopewa wakati wa kura ya maamuzi ya 2010 bado ninayo, na Ibara ya 209 inasema mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi yasitumiwe kwa njia ya kudhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa. Ibara hiyo hiyo inaruhusu kaunti kututoza ada kwa huduma inazotoa. Sawa. Choo cha soko kina kufuli, na ufunguo ni shilingi 10 nyingine. Hiyo haina risiti hata mashine ikiwa na chaji.

Mwanangu alinionyesha kwenye simu ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti kuhusu kaunti zote 47. Ni kazi nzuri. Lakini mapato yaliyomo ni ya kaunti nzima, soko langu silioni. Mimi nataka mtu aliyesomea hesabu aje akae langoni mwezi mmoja, ahesabu wanaolipa na wanaopewa risiti, kisha aende kuangalia ni kiasi gani kimeingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ambamo Ibara ya 207 inataka pesa zote hizi ziwekwe. Ahesabu pia ni mara ngapi lori la taka limekuja, hiyo haitamchosha. Matokeo ayabandike kwenye ukuta wa ofisi ya soko, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu aliyeacha miwani nyumbani anaweza kuzisoma.

Najua nitaambiwa kuna vikao vya kukusanya maoni kabla ya Sheria ya Fedha ya kaunti kupitishwa. Nimehudhuria viwili. Tulipewa soda na kurasa nyingi za viwango vipya, tukaulizwa kama tunakubali. Sasa utakubalije kupandishiwa ada wakati hujaambiwa ile ya mwaka jana ilifika wapi?

Kwa hiyo niliandika barua yangu mwenyewe kuuliza soko letu lilileta shilingi ngapi mwaka uliopita. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kunijibu. Niliipeleka kwa mkono, nikangoja ipigwe muhuri, na leo ni siku ya 12. Nakala iko ndani ya mkebe, juu ya risiti.

Muuza kabeji
(Jina na anwani ninakuachia wewe, Mhariri)