Risala ya Klabu ya Simulizi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakukaribisha sana shuleni kwetu. Risala hii ni ya walimu walezi na wanafunzi wa Klabu ya Simulizi.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na kishikwambi kimoja. Ni kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu. Awali tulikitumia kwa maandalio ya somo na kusoma nyaraka. Sasa kinarekodi hadithi.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita huenda kwa bibi au babu yake, akauliza, akasikiliza, akarudi na habari. Kundi lake linaiandika upya isizidi ukurasa mmoja wa daftari. Hapo ndipo kazi ilipo, maana kila mtoto anataka sentensi yake ibaki. Kisha wanachora kwenye manila, wanapiga picha michoro yao, na mmoja anasoma huku kishikwambi kikirekodi. Picha zikiunganishwa na sauti, tunapata video ya dakika tatu bila kutumia hata chembe ya bando. Tunarekodia stoo ya vitabu, mlango umefungwa na khanga zimetundikwa ukutani, kwa sababu darasani bati linavuma upepo ukipita.

Hadithi utakayoiona leo ni ya mkonge. Kwamba zao hili liliingia Tanga mwaka 1893, watoto walishajifunza darasani. Babu aliyefanya kazi shambani aliwaeleza mengine: ncha ya jani inavyochoma, maji ya mkonge yanavyowasha mikono, korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, inavyonguruma, na singa, yaani nyuzi zake, zinavyoanikwa hadi shamba zima linaonekana jeupe. Sasa mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili anaitumia video hiyo katika kipindi chake.

Faida kubwa tuliyoiona ni katika kusoma. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa kukatakata maneno alijisikiliza, akagundua mwenyewe kuwa amepita kwenye nukta bila kupumua, akaomba arudie. Alirudia aya ileile mpaka akaridhika, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa daftari na kalamu nyekundu peke yake tungechukua muda mrefu kufika hapo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mkoa wetu wa Tanga si mgeni katika mambo haya. Kati ya mwaka 2017 na 2019 vijiji vipatavyo 170 vilishiriki majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kubuni programu za watoto kujifunza wenyewe, yaliyofanyika kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vya kujifunzia Kiswahili wenyewe, vikichajiwa kwa sola. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa takribani nusu. Tunayaheshimu sana matokeo hayo, ila tunaitazama pia ile nusu iliyobaki. Ndiyo maana hapa kwetu mwalimu haondoki darasani, na mtoto hakai kutazama tu. Anatunga, anachora, anasoma.

Tunajua pia mipaka yetu. Mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, nasi hatuombi hilo libadilike. Sura za watoto hatuzirushi mtandaoni, na sauti ya mzee hairekodiwi bila ridhaa yake, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Changamoto zetu zinajulikana. Umeme hukatika, betri ya kishikwambi imechoka, na projekta ya leo tumeiazima. Tunaomba utusaidie kupata paneli ya sola na betri yake, pamoja na spika moja ya kusikika darasa zima.

Ombi tunalolisisitiza zaidi halihitaji fedha nyingi. Tunaomba walimu wa kata hii wapewe siku ya mafunzo kazini ya kufundishana namna ya kutengeneza simulizi hizi, kwani vishikwambi wanavyo tayari. Tunaomba pia hadithi za Kiswahili za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na unaotoa hadithi bure, zipakuliwe ofisini kwako na kusambazwa kwa kadi za kumbukumbu katika shule zisizo na intaneti. Kwa upande wetu, tuko tayari kuwapokea walimu watakaotumwa na kutoa nakala za simulizi zetu zote.

Baada ya risala hii, wanafunzi watakuonyesha simulizi ya mkonge. Babu aliyeisimulia yupo hapa, mstari wa mbele, na yuko tayari kujibu maswali.

Naomba kuwasilisha.