Waagizaji wa pikipiki, hazadi iwake hata funguo ikiwa mfukoni

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalotuhusu sisi wa boda huku Mwanza, na leo silalamikii bei ya mafuta wala trafiki, nalalamikia waya tu. Pikipiki mpya nyingi siku hizi zinakuja na batani ya hazadi kwenye hendeli, ina kale kapembetatu kekundu, dukani muuzaji anaibonyeza indiketa zote nne zinapepesa unaona hapa nimepata chombo, unalipa unaondoka. Hakuambii kwamba ukizima na funguo ukaichomoa, hazadi nayo inazima hapohapo.

Mi naona hapo wametukosea. Kazi kubwa ya hazadi ni pale chombo kimesimama sehemu ambayo hakikutakiwa kusimama. Cheni imekatika, mafuta yamekata, tairi imekula msumari, usiku umeingia na uko kati ya Usagara na Kigongo, semi na Fuso zinakuja zinapiga mbio kuelekea darajani, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena ile ya kupanga foleni kusubiri kivuko, kila mtu anataka kufika Sengerema au Geita leo leo. Wewe unatakiwa uiache pikipiki pembeni utembee ukatafute mafuta au fundi. Ukitaka hazadi iendelee kuwaka inabidi uache funguo kwenye swichi ikiwa ON, na anayepita akaiona si atajua amepewa zawadi. Ukichukua funguo yako, pikipiki inabaki giza. Chagua mwenyewe ugongewe au uibiwe.

Na giza lenyewe ni giza kweli, maana kwenye pikipiki nyingi ndogo tunazoendesha taa kubwa na ile ya nyuma hazili betri kabisa, zinachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneto, kale kazalisha umeme kanakozungushwa na injini, ndo maana injini ikiwa silensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, taa inafifia inakuwa ya njano af ukivuta mafuta inang'aa. Sasa injini ikizima magneto haizunguki, taa ya mbele kwisha, ya nyuma kwisha. Vinavyobaki hai ni vile vya betri, yaani honi, taa ya breki na indiketa. Breki huwezi kukaa umeikanyaga hapo hadi asubuhi. Kwahiyo hazadi ndo taa pekee iliyobaki ya kumwambia mwenye Fuso kwamba hapa kuna chuma kimelala, na ndo hiyohiyo wameitegemeza kwenye funguo.

Kinachonichekesha ni kwamba funguo hiyohiyo kwa upande wa injini hailindi kihivyo. CDI ni kale kaboksi kanakopeleka moto kwenye plagi. Zile pikipiki za CDI ya AC, yaani inayotumia umeme wa magneto na sio wa betri, ambazo betri ikifa bado unapiga kiki inawaka, funguo wala haiwashi injini. Ukiweka OFF swichi inachofanya ni kuuunganisha ule waya wa kuzimia na bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe, moto unaishia kwenye bodi haufiki kwenye plagi. Ukiweka ON inauachia tu injini ifanye yake. Wezi wa pikipiki hilo wanalijua kuliko hata sisi tunaozilipia mkataba kwa tajiri, wakishautenganisha huo waya ni kiki moja tu huyoo ameshapita Kisesa. Hatakuwa na indiketa wala honi kwasababu hivyo vinapita kwenye swichi, ila mwizi indiketa ya nini. Yaani mtengenezaji kaacha mlango wa sebuleni wazi akaenda kupiga kufuli kwenye kibaraza. Za CDI ya DC ni afadhali kidogo, hizo bila umeme wa betri kupita kwenye swichi plagi haitoi moto.

Kwenye magari hili lilishaisha zamani. Ingia kwenye gari yoyote, hata hizi daladala za Buhongwa zilizochoka, funguo iko mfukoni kwa dereva lakini ukibonyeza hazadi zinawaka. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, ndo inayohusu taa za magari, inasema wazi kwamba hazadi lazima iweze kufanya kazi hata kama swichi ya kuwashia iko kwenye nafasi ambayo injini haiwezi kuwaka. Pikipiki zina kanuni yao, namba 53, humo hazadi ipo kwenye zile taa za hiari, mtengenezaji akipenda anaweka asipopenda anaacha. Na kitu cha hiari unajua kitakavyowekwa, kwa waya mfupi kuliko wote.

Ukiwauliza wauzaji jibu ni moja, betri itaisha. Haya tupige hesabu. Globu ya indiketa ya kawaida ni wati 10, nne zinakuwa wati 40, kwa volti 12 hapo ni kama ampea 3.3 zikiwa zimewaka. Lakini si zinapepesa, karibu nusu ya muda zimezima, kwahiyo kwa wastani ni ampea kama 1.7. Betri ya ampea-saa 5 (5Ah) ikiwa nzima inakupa karibu masaa matatu, tuseme yako imechoka imebaki nusu, bado una saa nzima na zaidi ya kwenda kutafuta mafuta na kurudi. Na kama pikipiki yako ina kiki na ni ya CDI ya AC hata ikiisha kabisa si utapiga kiki uondoke.

Jibu lao la pili ndo lina maana kidogo, kwamba pikipiki ikiwa kijiweni kila mtoto anayepita atabonyeza. Hiyo ni kweli, sisi wenyewe tunajuana. Ila hata hilo lina dawa na sio ya jana. Yamaha kwenye baadhi ya pikipiki zao kubwa wameweka nafasi ya P kwenye swichi, ukizungusha funguo hadi hapo usukani unajiloki, injini haiwaki, funguo inatoka unaweka mfukoni, na taa ya nyuma inabaki inawaka na hazadi ukitaka unaiwasha. Hiyo P nayo ina kero yake sikatai, mtu anazungusha anadhani ameishia LOCK kumbe amepitiliza, anaenda kulala taa ya nyuma inawaka usiku mzima, asubuhi betri haina kitu. Lakini mi kero ya betri kufa nyumbani naichukua mara kumi kuliko ile ya kuwa gizani barabara ya Shinyanga.

Sasa kwa kuwa kiwandani hawajatufanyia, vijana wanaenda kwa mafundi, na hapa naomba mafundi wenzetu wanielewe vizuri. Hazadi ya mtaani inafungwaje, fundi anachukua waya wa indiketa za kushoto na wa kulia anawaunganisha kwa kaswichi ka bei rahisi, basi. Ukiwasha kaswichi halafu ukasukuma indiketa upande wowote zote nne zinacheza. Kwanza hapo bado unahitaji funguo, maana flasha, kale kadude kanakofanya indiketa zipepese, inapata umeme kupitia swichi ileile, shida iko palepale. Pili, kuna hii ya kale kataa ka kijani kwenye dashi. Pikipiki nyingi ndogo zina kamoja tu kwa pande zote mbili, na hako kataa hakajafungwa kwenye bodi, kamefungwa katikati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukiweka kushoto umeme unatoka kushoto unapita kwenye kataa unaenda kumalizikia kwenye globu za kulia, ni umeme mdogo kwahiyo globu za kulia haziwaki, kataa kanawaka. Ni ujanja mzuri wa kubana waya. Lakini ukishaunganisha pande zote mbili na kale kaswichi, kataa kana volti 12 huku na volti 12 huku, umeme hauna pa kwenda, kanazima. Zote nne zinapepesa na kwenye dashi hamna kitu.

Matokeo yake unakuta dereva kasahau kaswichi kakiwa ON tangu jana, anafika kona ya Igoma anaweka indiketa ya kulia, nyuma zinawaka zote nne yeye haoni chochote kwenye dashi anajua tu globu imekufa, gari iliyo nyuma yake inaona hazadi inajua huyu amekwama au anapunguza, inampita kwa kulia wakati na yeye ndo anakata kulia. Hiyo ajali haina haja ya kusubiriwa.

Na wale mnaobadilisha globu mnaweka indiketa za LED kwa sababu zinapendeza, hako kataa kanawageuka tena. LED inahitaji umeme kidogo sana, ule mdogo unaopita kwenye kataa unatosha kuiwasha, kwahiyo ukiweka kushoto na kulia nayo inacheza. Na flasha ya zamani ikiona mzigo umepungua inapepesa kwa kasi kama imechanganyikiwa. Unahitaji flasha ya LED na dayodi mbili, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila upande, ili kataa kapokee kutoka pande zote na kamalizikie kwenye bodi. Hizo dayodi ni vitu vidogo vya bei ndogo, fundi asiyejua kuzifunga asishike waya za mtu.

Kuna na wa kwetu wa Mwaloni wanaopakia magunia ya dagaa hadi indiketa za nyuma hazionekani, hao hata wakiwekewa hazadi ya ndege haitasaidia, washushe gunia kwanza. Na wanaotembea na hazadi kwenye mvua ile ya ziwani nao waache, ukiwasha hazadi huku unaendesha hatujui unakata wapi.

Ninachoomba kwa waagizaji na wenye maduka ya pikipiki hapa mjini, najua gazeti hili wanalisoma, wakiagiza mzigo unaokuja waulize kiwanda kitu kimoja, hazadi inalishwa kutoka wapi. Inatakiwa ni waya mmoja kutoka betri wenye fyuzi yake, upite kwenye flasha hadi kwenye batani bila kupitia swichi ya funguo. Kama wanaogopa watoto wa kijiweni waweke P. Na kama kiwanda kimegoma basi fundi wa dukani afunge kabla ya kumkabidhi mteja, afunge na dayodi, na bei aitaje mapema tujue.

Dereva boda,
Igoma, Mwanza