Viongozi wa programu huria watutajie sheria wanayoifuata

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, ingawa limetokea mbali na hapa.

Oktoba 2024, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa mradi wa Linux, programu huria ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote, alifuta majina ya watu takriban 11 kwenye faili la watunzaji wa mradi huo, yaani wanaosimamia kila sehemu yake na kupokea marekebisho. Wengi wao anwani zao za barua pepe ziliishia na .ru, alama ya Urusi. Badiliko lenyewe liko wazi, yeyote anaweza kulisoma: kila mstari uliofutwa umewekewa alama ya kutoa mwanzoni, kisha jina la mtu na anwani yake, basi. Yumo aliyekuwa akitunza sehemu inayoendesha aina moja ya kompyuta mpakato za Acer. Maelezo yalikuwa mafupi mno, kwamba kuna matakwa mbalimbali ya kutimizwa na kwamba waliofutwa wanaweza kurudi wakileta nyaraka za kutosha. Nyaraka gani? Apelekewe nani? Hapakuwa na jibu.

Watu walipohoji, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijibu kwa ukali kwamba badiliko halirudishwi, akawataja wachochezi wa Kirusi, na akasema hataeleza aliyoambiwa na wanasheria. Siku chache baada ya majina kufutwa ndipo James Bottomley, mtunzaji mwingine, alipoomba radhi kwa namna jambo lilivyoshughulikiwa na kufafanua: mtu anayefanya kazi katika kampuni iliyo kwenye orodha ya vikwazo ya Wizara ya Fedha ya Marekani hawezi kubaki kwenye faili lile. Maelezo hayo yangetangulia, watu wasingefikiri kwamba kosa ni kuzaliwa Urusi.

Sidai wavunje sheria. Taasisi ya Linux Foundation, inayoutegemeza mradi huo, iko Marekani na sheria za huko zinaibana. Ninachodai ni kwamba mtu aliyejitolea kazi yake kwa miaka asifutwe kabla ya kuambiwa ni sheria ipi, inamhusu vipi, na akate rufaa wapi. Hata mfanyakazi wa kibarua hupewa barua!

Kwa nini niumie mimi niliye Mwanza? Kwa sababu ninafundisha, na darasani ninao vijana kutoka Burundi na Kongo. Burundi ilikuwa na mpango wake wa vikwazo vya Marekani tangu 2015 hadi 2021, na wa Kongo upo hadi leo. Ni kweli vikwazo hivyo vinawalenga watu na kampuni mahsusi, si kila raia. Lakini kijana wa Bukavu aliyeajiriwa na kampuni ambayo mmiliki wake ameingizwa kwenye orodha ile, atajuaje? Mwaka huu mmoja wao aliniuliza kama inafaa aendelee kutuma marekebisho yake Linux. Nilimwambia aendelee, kwa sababu leseni ya mradi ule, GPL toleo la 2, inampa kila mtu haki ya kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza msimbo, na haki hiyo haifutiki pamoja na jina lake. Ila leseni haimpi mtu cheo cha utunzaji. Hicho kiko mikononi mwa viongozi.

Simu za Android tunazotembea nazo zinaendeshwa na kiini cha Linux, kwa hiyo tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya wakubwa wa San Francisco.

Nimeuandikia uongozi wa Linux Foundation nikiwaomba waweke utaratibu kwa maandishi: sheria itajwe, mhusika apewe taarifa mapema na muda wa kujieleza, na awepo mtu wa kupokea nyaraka zake. Barua ya mwalimu mmoja ni rahisi kuwekwa kando. Walimu wenzangu wa kompyuta wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura, naomba nanyi muwaandikie, kila mmoja kwa jina la chuo chake.

Mwalimu wa kompyuta,
Mwanza