Farasi yule hakuwa akicheka

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa burudani wa juma lililopita mlichapa picha ya farasi wa kijivu aliyesimama kwa miguu ya nyuma katikati ya uwanja hapa Lubumbashi, na chini yake mkaandika kwamba mnyama huyo alicheka pamoja na watazamaji. Nilikuwapo jioni ile, mjukuu wangu akiwa mabegani mwangu, na kwa kuwa nilitunza farasi kwa miaka 18 katika banda moja kando ya njia ya Kipushi, naomba nafasi ya kueleza kwamba farasi yule hakuwa akicheka. Aliachama kwa sababu mpandaji alikuwa akivuta hatamu kwa mikono miwili, na mnyororo mdogo unaopita chini ya kidevu ulikuwa umekazwa kiasi kwamba hata kidole cha mtoto kisingepenya. Farasi anayeumizwa na lijamu, kile chuma cha kinywani, hufungua kinywa akitafuta mahali pa kuficha ulimi. Meno yanaonekana, na asiyejua huona kicheko.

Dalili nyingine hazikuingia katika picha yenu. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Weupe wa jicho ulionekana pande zote, na mkia ulikuwa ukipiga huku na huku kama wa mnyama anayefukuza inzi, ilhali inzi hawakuwapo katika ubaridi ule wa kiangazi. Kati ya mapaja palikuwa na jasho la povu, ingawa hakuwa amekimbia hata mita mia moja. Spika mbili kubwa ziliwekwa karibu na kichwa chake. Mbwa akikanyagwa hulia, na nguruwe akiguswa tu hupiga kelele mtaa mzima ukasikia, lakini farasi huvumilia akiwa kimya, kwa maana ameumbwa mnyama wa kuwindwa, na katika kundi anayeonyesha udhaifu ndiye anayefuatwa na simba. Ukimya huo ndio unaotudanganya sisi tunaolipa kiingilio.

Sisemi kwamba farasi wasipandwe wala kwamba mashindano yafungwe. Watoto wangu walikula bukari na kusoma kwa mshahara wa banda lile, na nimewaona farasi ambao, wakisikia tandiko likishushwa ukutani, wanakuja wenyewe mlangoni. Ninalouliza ni hili: tunafanya nini pale farasi anapogoma? Katika mji wa wachimba migodi neno hilo halihitaji maelezo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi zinasema kwamba, katika mashindano ya kuruka viunzi, farasi akisimama mbele ya kiunzi anahesabiwa pointi 4 za adhabu, na akirudia mara ya pili mpandaji wake anatolewa. Naipenda nusu ya kanuni hiyo, ile inayomrudisha farasi bandani. Nusu nyingine inanisumbua, kwa kuwa kugoma huko kunaitwa kutotii, na jambo likishaitwa kutotii, mwenye fimbo haulizi tena sababu.

Nalisema hili nikijishtaki mwenyewe. Tulikuwa na farasi jike wa rangi ya kahawa, mpole, ambaye watoto wa wateja walijifunzia juu yake. Juma moja alikataa kuruka mti mmoja wa chini, ambao siku nyingine angeuvuka akisinzia. Alikataa Jumatatu, akakataa Jumanne. Siku ya tatu patro, yaani mwenye banda, aliagiza achapwe, nami ndiye niliyeshika kamba. Hakuchechemea alipotembea, kwa hiyo tulisema ni kichwa kigumu. Kesho yake asubuhi nilipomwinua mguu wa mbele kusafisha kwato niliona ina moto, na pembeni ya kifundo mshipa ulikuwa ukidunda chini ya kidole changu. Daktari wa mifugo alipobana kwato kwa koleo lake, yule jike aliunyakua mguu kwa nguvu, kisha kisu kilipofungua nyayo ukatoka usaha mweusi wenye harufu mbaya. Kutua baada ya mruko kunarusha uzito wote juu ya miguu ya mbele. Alikuwa ametuambia kwa siku tatu. Tulimkanda kwa maji ya moto na chumvi kwa zaidi ya juma moja, na alipopona aliuruka mti uleule bila kuguswa. Patro hakusema neno, nami sikusema.

Kosa la aina hiyo halifanyiki kwetu tu ambako farasi ni wachache. Tarehe 6 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, dunia nzima ililiona katika pentatloni ya kisasa, mchezo wenye sehemu tano, mojawapo ya kuruka viunzi kwa farasi, ambamo mshindani alikuwa akipewa kwa kura farasi asiyemjua na dakika 20 za kuzoeana naye. Mjerumani Annika Schleu, aliyekuwa akiongoza, alimpata Saint Boy, ambaye siku hiyohiyo alikwisha kugoma chini ya mpandaji kutoka Urusi. Farasi akagoma tena, mpandaji akalia machozi juu ya tandiko huku akimchapa, na kocha Kim Raisner, aliyekuwa akimhimiza ampige kwelikweli, akampiga farasi ngumi. Kocha aliondolewa katika michezo iliyobaki. Baadaye shirikisho la mchezo huo liliamua kwamba baada ya Paris 2024 sehemu ya farasi ifutwe na mahali pake pawekwe mbio za vikwazo, ambamo binadamu huruka kwa miguu yake mwenyewe. Kwa maoni yangu waliikimbia shida badala ya kuitatua, lakini angalau walikiri kwamba dakika 20 hazimfanyi mtu kuwa rafiki wa mnyama wa kilo 500.

Kwa upande wa maonyesho, watu wa sinema walilazimika kujifunza mapema zaidi. Huko Hollywood zamani farasi waliangushwa kwa waya zilizofungwa miguuni, wakavunjika ili tukio lipendeze. Baada ya farasi kufa kwa kurushwa kutoka kwenye genge hadi majini katika filamu iliyotoka mwaka 1939, lilizuka lalamiko kubwa, na kuanzia 1940 chama cha kutetea wanyama cha Marekani kikaanza kutuma wasimamizi kwenye upigaji filamu. Farasi wa filamu bado wanaanguka, ila ni farasi waliofundishwa taratibu kulala upande mmoja juu ya udongo uliolainishwa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba bila mnyororo hakuna onyesho, simwamini. Hata kusimama kwa miguu ya nyuma kunafundishika kwa karoti na subira. Kunachukua miezi tu, na miezi ni fedha.

Najua nitaambiwa kwamba katika nchi ambamo watu wanalala njaa mzee huyu analilia farasi. Kwanza, aliyempa farasi yule lijamu asubuhi ile ni kijana anayelipwa kidogo, na farasi mwenye hofu hachagui nani amkanyage. Pili, watoto walisimama hatua tatu kutoka kwato zile, na kati yao na mnyama palikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Farasi haoni vizuri kilicho nyuma yake kabisa. Angeruka kurudi nyuma kwa mshtuko wa spika, leo mngekuwa mnachapa habari nyingine.

Ombi langu ni dogo. Mji huu una kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakubwa wa mji wanapotoa ruhusa ya onyesho, wadai kwamba daktari wa mifugo amkague farasi kabla hajaingia uwanjani, kinywa, mgongo na miguu, naye awe na mamlaka ya kusema leo hapana, bila uamuzi wake kutenguliwa kwa simu ya mkubwa fulani.

Mliandika pia kwamba onyesho litarudiwa sikukuu ijayo. Mkimtuma tena mpiga picha wenu, afike kabla ya muziki, wakati lijamu inapotiwa, na aelekeze kamera kwenye pembe za mdomo. Mimi nitakuwa penye ile kamba, karibu na lango. Mjukuu nitamwacha nyumbani.

Mtunza farasi wa zamani,
Katuba, Lubumbashi