Mdogo wangu, kabla hujaanza shifti ya kwanza

Mdogo wangu,

Ulinipigia umejaa furaha: cheti umepata, Jumatatu unaanza kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi, shifti ya usiku. Nikakupongeza. Kuna neno lilinikaa kooni, nikaona nikuandikie hapa, maana najua hauko peke yako. Vijana wetu wengi wanaotua Marekani wanaanzia huko huko.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na bibi mmoja, chumba cha mwisho kwenye korido. Nampandisha mkono wa gauni nimuogeshe, naona damu imevilia: alama nne upande huu wa mkono, moja upande wa pili. Shika mkono wako mwenyewe sasa hivi, ubane, utaelewa. Nikamwuliza kimepita nini. Akatazama mlango kwanza, ndipo akasema alijigonga.

Mwenzangu wa siku nyingi, tena mtu wa nyumbani, akaninong'oneza: "We mgeni, usijitie kimbelembele. Karatasi zako zenyewe bado." Nikanyamaza siku mbili. Nilipomwambia nesi wa zamu, akasema bibi anatumia dawa za kuyeyusha damu. Na kweli, wanaotumia dawa hizo huvilia damu kwa urahisi. Lakini kupima ni kazi ya wachunguzi. Yako ni kusema ulichoona, saa ngapi, mkono upi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inakubana wewe binafsi. Ukishuku mkazi, yaani mzee anayeishi pale, ametendewa uhalifu, unatoa taarifa kwa mamlaka ya jimbo na polisi ndani ya muda wa saa 24. Akiwa ameumia vibaya, ndani ya saa 2. Kumwambia msimamizi peke yake hakukutoi kwenye wajibu huo. Na mwajiri haruhusiwi kukulipizia kisasi. Hilo yule mwenzangu hakuniambia, pengine naye hakuambiwa.

Usitegemee kuona mzee akipigwa makofi, lakini. Mengi yanafanyika kimya. Kengele ya kuitia imetupwa nyuma ya kitanda. Glasi ya maji imejaa tangu asubuhi, ila mezani kule mkono usikofika. Mzee aliyekuwa mcheshi sasa anasinzia hadi mchana, na ukiuliza unaambiwa "siku hizi ametulia." Tangu 1987 sheria inakataza kumfunga mkazi kwa kamba au kwa dawa ili wafanyakazi wapumzike. Kidonda cha mgongoni, kile cha kulala bila kugeuzwa, nacho hakianzi shimo. Huanza wekundu usiopotea ukibonyeza. Ukiuona, mgeuze, kisha uandike.

Usimpige picha mkazi, hata kwa nia njema. Simu imewatoa watu kazini.

Kila jimbo lina ombudsmani, mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, na namba yake lazima ibandikwe mahali wakazi na wageni wanaiona. Jumatatu ukifika, kabla hujavaa glavu, itafute uinakili. Mimi niliipita miezi minane bila kuisoma.

Bibi alihamishiwa chumba kilicho mkabala na meza ya manesi. Usiku wa kwanza alinitaka nimbanie kengele kwenye foronya kwa pini, nikambania. Akaibonyeza papo hapo, nami nimesimama pale pale. Alitaka kuona kama inaita.

Nipigie ukitoka, hata kama ni alfajiri.

Dada yako