Kijana anayeunda kompyuta asibane fedha kwenye pawa saplai

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi vijana wanaojikusanyia fedha kidogo kidogo ili waunde kompyuta ya kwanza ya kuchezea gemu na kuhariri video, wasimalize fungu lote kwenye kadi ya michoro, inayotengeneza picha za kwenye skrini, na kuiachia makombo pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Katika maduka ya Kariakoo utakuta pawa saplai iliyoandikwa wati 500, lakini ukiishika ni nyepesi mno, nyaya zake nyembamba, na alama ya 80 Plus, inayothibitisha kwamba kifaa hakipotezi umeme mwingi, haipo. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, kifaa cha namna hiyo kikiungua kinaweza kuondoka na ubao mama, unaounganisha vipuri vyote, pamoja na kadi ya michoro yenyewe.

Kwa upande wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mhariri wa video anahitaji walau GB 16, na ni heri vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa viwili husomwa sambamba. Faida hiyo huonekana zaidi kwa prosesa (ubongo wa kompyuta) kama Ryzen 5 5600G, yenye sehemu ya michoro ndani yake inayotumia RAM hiyo hiyo, ambayo humwezesha mnunuzi kuanza bila kadi kabisa na kuiongeza fedha ikipatikana. Huo ndio mpangilio ninaoupendelea. SSD, diski ya kasi ya kuhifadhia mafaili, nayo isikosekane.

Wauzaji, kwa upande wao, wawaruhusu wateja kuzijaribu kadi zilizokwishatumika, zikiwa zimewashwa na kufanyishwa kazi nzito, kabla ya kupokea malipo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam