Shukrani kwa mzee wa trekta, Ruai

Mzee wangu, hukutaka hata kuniachia jina, kwa hivyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Wanaoishi Ruai, huku mashariki mwa Nairobi, wanaujua udongo wetu mweusi: ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka. Mvua ya Aprili ilikuwa imekata njia ya kuingia shambani kwetu. Pikapu iliyokuja kumpeleka mama kliniki ikazama hadi ekseli.

Ulikuwa unapita zako tu. Ukaivuta kwa mnyororo, mama akaenda. Hapo ningeridhika. Lakini ulishuka, ukafuata maji hadi yalikotoka, ukaniambia shida si matope, ni mtaro ulioziba. Nami nilikuwa nimeshamwaga malori mawili ya maramu, ule udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara, juu ya tope, yote yakamezwa!

Jumamosi ulirudi na jembe lako mwenyewe. Tukazibua mtaro, tukaacha njia ikauke siku nne. Kisha ukakwangua tope laini kwa chuma cha nyuma ya trekta, tukapanga mawe, ukatandaza maramu juu yake na kuinua katikati kama mgongo wa kobe, ili maji yashuke pande zote mbili. Ukashindilia kwa magurudumu, ukienda na kurudi hadi jioni. Ulikubali dizeli na chai, basi.

Majirani, zibueni mitaro kabla ya mvua za Oktoba, na mwenye trekta amkumbuke asiye nayo.

Juzi kulinyesha usiku kucha. Asubuhi mama alitembea hadi barabarani na viatu vyake vya kanisani.